Usimpe mbwa matone kabla ya kumfungulia kibanda

Usiku wa kuamkia mwaka mpya hapa Kitengela si usiku wa kulala. Ifikapo saa sita fataki hulipuka kila upande, waumini waliokesha makanisani hupiga vigelegele, nayo magari hupiga honi katika barabara ya Namanga kana kwamba yanashindana. Sisi binadamu tunajua kuwa hiyo ni furaha. Mbwa hana kalenda. Anachojua ni kwamba mbingu zinapasuka juu ya kichwa chake, na mlango wa kibanda umefungwa kwa nje.

Ninaandika haya kwa sababu mwaka juzi mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliofunga mlango huo.

Nina mbwa dume wa kilo 30. Nilimwita Simba kwa mzaha, maana sisi tunaoishi upande huu wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi tunawajua simba wenyewe, na hatuna haja ya kuwatafuta. Usiku huo tulikuwa na wageni, kwa hiyo Simba hakufunguliwa kama ilivyo desturi. Fataki zilipoanza alibweka, kisha akalia, kisha akanyamaza. Nilidhani amelala. Kumbe alikuwa akitafuna wavu wa mlango mpaka fizi zikatoka damu. Asubuhi mjukuu wangu wa miaka sita alimwonea huruma, akapenyeza mkono ili amguse kichwani. Mbwa aliyekuwa akimlamba mtoto huyo kila siku alimuuma.

Tuliuosha mkono kwa sabuni na maji mengi, tukakimbilia hospitali. Swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa hili: mbwa amechanjwa lini? Nilibaki nikipapasa mifuko kana kwamba cheti kingetokea humo. Chanjo ilikuwa imepitwa na wakati. Mtoto akaanzishiwa sindano za kukinga kichaa cha mbwa, naye Simba akawekwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Namshukuru Mungu, mbwa alibaki mzima na mtoto akapona. Lakini siku 10 hizo sitazisahau, kwa sababu kila mtu aliyesoma habari za kichaa cha mbwa anajua kwamba dalili zikishamtokea binadamu, karibu hakuna anayepona.

Baada ya hapo nilipewa ushauri wa namna mbili. Vijana wangu walisema mbwa auawe. Jirani yangu, mama mwenye huruma nyingi, alikuja na kichupa kidogo alicholetewa na mpwa wake kutoka ng'ambo. "Mzee, mbwa huyu si mkali, ana wasiwasi," aliniambia. "Mtilie matone matano kwenye chakula jioni. Ni mafuta ya CBD. Huko wanawapa mbwa wote."

Nilikipokea. Nilikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu hupokea chochote. Lakini kabla ya kukifungua nilimwendea daktari wa mifugo, na nikasoma nilichoweza kusoma. Nataka kukueleza, msomaji, kwa nini kichupa kile nilikirudisha kwa mwenyewe, na kwa nini naamini kwamba jirani yangu alikuwa amesema kweli katika neno moja tu: wasiwasi.

Mmea mmoja, sifa mbili

Wengi wetu tulipokuwa watoto tuliwasikia wakubwa wakisema kwamba ukitaka mbwa mkali umlishe pilipili au bangi. Leo tunaambiwa kwamba mmea huo huo ndio utakaomtuliza. Je, tumwamini nani?

Ukweli ni kwamba bangi ina kemikali nyingi, na mbili ndizo zinazotajwa sana. Ya kwanza ni THC, ambayo ndiyo inayolevya. Ya pili ni kanabidioli, inayoitwa CBD kwa kifupi, ambayo hailevyi. Shirika la Afya Duniani liliitathmini CBD katika mwaka wa 2018 na kueleza kwamba haionyeshi dalili za kumfanya mtu awe mtumwa wake. Mwaka huo huo Marekani iliidhinisha dawa ya CBD iliyosafishwa kwa ajili ya watu, hasa watoto, wenye aina fulani za kifafa ambazo ni nadra na sugu. Kwa hiyo anayesema kwamba CBD ni uganga mtupu anakosea.

THC ni jambo jingine kabisa kwa mbwa. Mbwa aliyekula bangi hupepesuka, hujikojolea, hushtushwa na kila kitu, na wakati mwingine huishiwa nguvu hata akahitaji kulazwa kwa daktari. Wale waliowalisha mbwa bangi ili wawe wakali hawakuwapa ukali. Waliwapa sumu na hofu, na hofu ndiyo waliyoiona ikabweka.

Utafiti umeonyesha nini

Hapa ndipo ninapokuomba uvumilivu, kwa kuwa wauzaji wa vichupa hivi hupenda kusema "utafiti umethibitisha" bila ya kutaja utafiti gani na juu ya ugonjwa upi.

Katika mwaka wa 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa CBD mbwa wenye maumivu ya viungo, na maumivu yakapungua. Mwaka wa 2019 wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado waliijaribu kwa mbwa wenye kifafa, na vipindi vya kifafa vikapungua kiasi. Hayo ni maumivu na kifafa. Si hofu.

Kuhusu hofu yenyewe, habari ni za kukinzana. Mwaka wa 2020 wataalamu wa Marekani waliwasikilizisha mbwa sauti za fataki zilizorekodiwa baada ya kuwapa CBD kwa siku kadhaa. Haikuwatuliza. Mwaka wa 2023 kituo cha utafiti cha Waltham cha nchini Uingereza, kinachomilikiwa na kampuni kubwa ya vyakula vya wanyama, kilitoa matokeo yenye matumaini zaidi: mbwa walioachwa peke yao au waliosafirishwa kwa gari baada ya kupewa CBD mara moja walionyesha dalili chache za fadhaa kwenye baadhi ya vipimo. Kipimo walichopewa kilikuwa miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu pamoja. Kichupa nilicholetewa kilikuwa na mililita 30, na maandishi yake yalisema kina miligramu 300 za CBD. Maana yake kila mililita ina miligramu 10. Mililita moja hutoa matone 20 hivi. Kwa hiyo matone matano yana miligramu mbili na nusu. Mbwa wa kilo 30 katika utafiti ule wa Uingereza angepewa miligramu 120 kwa mara moja, yaani mara 48 ya matone yale matano. Kwa kipimo hicho kichupa kizima kingetosha mara mbili na nusu tu, kisha kwisha.

Sisemi hivyo ili mtu aende akaongeze matone. La hasha! Katika utafiti ule wa Cornell vipimo vya damu vya baadhi ya mbwa vilionyesha mabadiliko ya ini, na ini hilo hilo ndilo linaloshughulikia dawa nyingine ambazo mbwa huenda anatumia, mathalani za kifafa. Isitoshe, maandishi ya kichupa si ahadi. Idara ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa imekuwa ikizipima bidhaa za namna hii, na mara nyingi imekuta kwamba kiasi cha CBD kilichomo si kile kilichoandikwa. Idara hiyo haijaidhinisha hata bidhaa moja ya CBD kwa matumizi ya wanyama.

Nilichotaka uone ni hiki: matone matano ya jirani yangu hayakuwa dawa. Yalikuwa faraja, na faraja hiyo ilikuwa yangu mimi, si ya mbwa.

Na sheria je?

Hapa nchini bangi imepigwa marufuku chini ya sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka wa 1994. Mjadala wa kuiruhusu kwa matibabu umewahi kuzushwa, na wengi watakumbuka jinsi aliyekuwa mbunge wa Kibra, marehemu Ken Okoth, alivyoupigia debe katika mwaka wa 2018. Lakini mjadala si sheria. Mtu anayekuuzia kichupa kwa simu na kukuletea kwa pikipiki, huku akikuhakikishia kwamba "hii si bangi", muulize swali moja tu: imesajiliwa nchini kama dawa ya mifugo? Akuonyeshe cheti. Akianza kukueleza habari za binamu yake wa ng'ambo, funga lango lako taratibu.

Polisi anayekikuta kichupa chenye picha ya jani la bangi hana maabara mfukoni. Na maabara ikikuta THC ndani yake, utaeleza nini?

Kibanda ndicho ugonjwa

Nilipompeleka Simba kwa daktari wa mifugo nilitarajia aniandikie dawa. Badala yake aliniuliza maswali ambayo mpaka leo yananichoma. Mbwa hufunguliwa saa ngapi? Saa tatu usiku, nilijibu. Hufungwa saa ngapi? Saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo hukaa ndani saa ngapi? Saa 15. Kibanda kina upana gani? Sikujua. Aliniagiza nikakipime kwa hatua zangu. Kilikuwa hatua mbili kwa moja na nusu.

Msomaji, tembea kidogo katika mitaa yetu hapa Kitengela. Nyumba zimejengwa kwa mawe, kuta ni ndefu, juu kuna nyaya za umeme au vipande vya chupa. Katika pembe ya nyuma, karibu na tangi la maji, kuna kibanda cha mabati au wavu. Ndani yumo mbwa. Tumeambiana kwamba mbwa akionekana na watu mchana atawazoea na kukosa ukali, kwa hiyo tunamficha kama siri. Husikia kila kitu wala haoni kitu: lori, kipaza sauti, mtoto wa jirani, mchuuzi, radi. Hawezi kwenda kunusa kujua ni nini, na hawezi kukimbia. Sauti usiyoweza kuijua wala kuikimbia, ikirudiwa kila siku, ingemtia wazimu hata binadamu.

Ukitoka hapa ukaelekea Isinya mpaka Kajiado, utawaona mbwa wa namna nyingine. Ni mbwa wembamba wenye rangi ya vumbi, wanaofuatana na wachungaji na mbuzi. Sitaki kuwapamba: wengi wana njaa, wana kupe, na wengi hawajachanjwa, jambo ambalo ni hatari kwa watoto wa huko kama lilivyo hatari kwa wa kwetu. Lakini tazama jinsi wanavyoishi na kelele. Mbwa wa bomani ameijua sauti ya fisi kwa kuinusa njia aliyopita fisi. Pikipiki ikija anaitazama, anaisindikiza, anarudi kulala kivulini. Usiku anabweka kwa sababu kuna kitu, na mwenye boma huamka. Mbwa wetu wa kibandani hubweka kwa sababu kila kitu ni kitu, na sisi hujifunika blanketi.

Katika tambarare hizi hizi tulipata somo jingine kuhusu hofu ya mnyama. Mnamo Juni 2012 simba sita waliuawa hapa Kitengela baada ya kuvamia mifugo, na wengi wetu tunaikumbuka siku hiyo kwa huzuni. Wakati huo mtoto wa kichungaji aitwaye Richard Turere, aliyekuwa akilinda ng'ombe wa baba yake kando ya mbuga, alikuwa amekwisha kutambua kwamba simba hawakaribii mahali ambapo mwanga unatembea. Akaunga balbu na betri kuzunguka boma, zikawaka kwa kupokezana kana kwamba mtu anatembea na tochi. Mwaka wa 2013 alialikwa Marekani kueleza uvumbuzi wake. Mtoto huyo hakuwa na maabara. Alichofanya ni kutazama mnyama anaogopa nini, na kwa nini. Sisi tunaoishi na mbwa katika ua mmoja hatujafanya hata hivyo.

Hofu ina dalili

Hofu ya mbwa haianzi kwa kuuma. Huanza na mambo madogo ambayo sisi huyaita uvivu au ujinga. Mbwa mwenye wasiwasi hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo ilhali hana usingizi, huhema ilhali hakuna joto. Hukunja mkia, hulaza masikio, hugeuza uso. Huzunguka kibandani kwa njia ile ile mpaka sakafu ikaonyesha alama. Hulamba mguu mmoja mpaka manyoya yakatoka na kidonda kikatokea. Kunguruma huja mwisho, na kunguruma ni hisani, anakuonya. Ukimpiga kwa sababu amenguruma, unamfundisha kuuma bila ya kuonya.

Hata hivyo, si kila badiliko ni wasiwasi. Mbwa mwenye maumivu ya sikio, jino au kiungo huwa mkali. Homa zinazoletwa na kupe humfanya ajitenge. Na mbwa aliyebadilika ghafla, anayetokwa na mate, anayeshindwa kumeza au anayeuma vitu ovyo, usimsogelee. Huenda ni kichaa cha mbwa. Hii ni sababu nyingine ya kuyaogopa matone ya kubahatisha. Ukiyaamini, unaweza kupoteza siku ambazo ungepaswa kuwa kwa daktari.

Tufanye nini?

La kwanza, nenda kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa kabla ya kwenda kwa muuzaji. Zipo dawa za wasiwasi wa mbwa zilizopimwa kikamilifu. Marekani iliidhinisha klomipramini mwaka wa 1998 na fluoksetini mwaka wa 2007 kwa mbwa wanaofadhaika wanapoachwa peke yao. Lakini zingatia jambo hili: dawa zote mbili ziliidhinishwa zitumike pamoja na mafunzo ya kubadili tabia. Hata watengenezaji wake hawakudai kwamba kidonge peke yake kitafanya kazi. Na usithubutu kumpa mnyama dawa yako ya usingizi au ya maumivu. Parasetamoli, kwa mfano, humuua paka.

La pili, mfungulie. Ikiwa una ua uliozungushwa ukuta, mbwa hana sababu ya kukaa kibandani mchana kutwa. Ikiwa wageni ni wengi au ploti ni ya wapangaji, mtoe kwa kamba asubuhi na jioni, nusu saa kila mara, mbali kidogo na barabara. Mwache anuse. Kunusa kwa mbwa ni kama kusoma gazeti kwako wewe. Kibanda kiwe mahali pa kulalia, chenye kivuli na maji, si gereza.

La tatu, mzoeshe sauti pole pole. Cheza sauti ya fataki au radi kwenye simu, ya chini sana, huku ukimpa vipande vya nyama. Akitulia, ongeza kidogo siku inayofuata. Akianza kutetemeka, umekwenda mbio, rudi nyuma. Kazi hii huchukua wiki nyingi, kwa hiyo anayetaka mbwa mtulivu mwezi wa Desemba aanze Septemba au Oktoba.

La nne, usiku wa fataki mwingize ndani, hata ikiwa ni stoo au jikoni. Funga mapazia, washa redio, mtandikie gunia au shuka yenye harufu yenu. Akija kujificha miguuni pako, mwache. Si kweli kwamba ukimfariji unamzidishia hofu.

La tano, kwa wanaochukua watoto wa mbwa: kipindi cha tangu wiki ya 3 hadi ya 14 hivi ndicho mbwa anapojifunza kipi cha kawaida na kipi cha kuogopwa. Kijibwa kinachokaa wiki hizo ndani ya boksi gizani kitaogopa maisha yake yote. Mwonyeshe watu, watoto, magari, ng'ombe, miavuli.

La sita, na hili silisemi kama nyongeza, mchanje. Mwanzo ni akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka, na cheti ukiweke mahali unapokijua. Serikali yetu ina mpango wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka wa 2030, na mpango huo unategemea kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

"Na wezi je?"

Najua swali ulilo nalo, kwa kuwa nami nililiuliza. Wezi wapo, na askari ni wachache. Mbwa akizoea watu, nani atalinda?

Jibu nililopewa na daktari, na ambalo nimelishuhudia, ni kwamba mbwa mwoga si mlinzi. Mbwa mwoga humuuma aliye karibu na dhaifu, na huyo ni mtoto wako; mwizi mwenye rungu akija, hujibanza nyuma ya tangi. Mbwa anayewajua watu wa nyumbani, anayeujua ua na sauti zake, ndiye anayetambua hatua ya mgeni saa nane za usiku. Tangu Simba afunguliwe mchana hubweka mara chache zaidi. Lakini akibweka, sasa ninaamka.

Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, imekuwepo hapa nchini kwa miongo mingi, na inakataza kumtesa mnyama bila sababu. Sitaki tufike mahakamani ndipo tuelewe. Wala sisemi kwamba CBD haitakuwa na nafasi yake. Ikiwa wataalamu wetu wataipima, sheria ikairuhusu, na daktari wangu akaniandikia kwa kipimo kinachoeleweka, sitakuwa wa mwisho kuipokea. Ninachokataa ni kumtilia mnyama matone ili aweze kuvumilia kitu ambacho sisi wenyewe tungeweza kukiondoa kwa kufungua komeo.

Mwaka mpya uliofuata Simba alilala stoo, kando ya magunia ya mahindi, redio ikiimba. Fataki zilipoanza alitetemeka, akaja akaweka kichwa juu ya kiatu changu. Nilikaa naye mpaka saa saba. Hakupona, msomaji, na sitakudanganya. Hofu ya miaka mitatu haiishi kwa mwaka mmoja. Lakini asubuhi mjukuu wangu alipoingia na uji wake mkononi, mbwa alisimama, akatikisa mkia, akamnusa vidole vyenye kovu.

Leo jioni, kabla ya kusoma tangazo jingine la mafuta ya kutuliza mbwa, nenda nyuma ya nyumba yako. Pima kibanda kwa hatua zako. Kisha hesabu saa.